Nilivyouza Safari za Watu Nateete

Nyinyi vijana mnaouza vitabu kwa kuvipiga picha na kuviweka kwenye simu, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi hii. Aliyefaa kuandika ni Mzee Kaggwa, aliyenifundisha, lakini amekwisha kufa, na yule aliyekuwa wa pili wake alihamia kuuza spea za pikipiki. Kwa hiyo nimebaki mimi. Nilisoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba lenyewe sikulimaliza vizuri. Jioni huwa naandika kidogo yaliyotokea siku hiyo, na nikiyasoma kesho yake naona nimekosea. Mkikuta kosa humu msishangae, ndivyo ninavyoandika.

Jina langu Zena. Mimi ni Mnubi. Babu zetu walikuja huku na bunduki begani kutoka Sudani, na nyumbani tulikua na Kinubi na Kiswahili vikipikwa sufuria moja. Ndiyo maana naandika Kiswahili. Najua wengine wenu hapa Kampala mkikisikia mnaanza kutafuta kitambulisho mfukoni. Hiki changu hakina askari ndani. Someni tu.

Niliuza vitabu vilivyokwisha kusomwa na wengine, hasa vya safari: mtu ametoka kwao, amekwenda nchi ya watu, amerudi, ameandika. Nilianzia kwenye baraza la duka la plastiki karibu na Kikuubo, pale wachukuzi wanapopita na marobota kichwani wakikufokea upishe njia. Baadaye biashara za barazani zilipohamishwa nikaenda Nateete, nikapata meza pembeni ya soko, kati ya Nalongo, aliyeuza mukene, dagaa wetu wakavu wa ziwani, na Bahati, fundi cherehani kutoka Kongo. Mkikutana na kitabu cha Uswisi kinachonuka mukene, mjue kimepita kwangu.

Siku ya kwanza Mzee Kaggwa aliponiachia meza yake pale barazani, nilipanga vitabu kwa mabara. Afrika hapa, Ulaya pale, Asia kule. Nilijiona nimesoma. Mzee akarudi kutoka kula katogo yake ya asubuhi, akasimama akatazama.

"Nyabo, hii nini?"

"Ni Asia, mzee."

"Nani alikuja kuuliza Asia?"

"Hakuna."

"Atakuja lini?"

Akavichanganya vyote, akavipanga upya kwa shida zilizompata msafiri: walioibiwa, walioumwa, waliopotea, na waliooa. "Mutu hanunui nchi," akaniambia. "Ananunua matatizo ya mwenzake." Tangu siku hiyo sikupanga kwa njia nyingine. Ni haki niseme pia kwamba kulikuwa na vitabu ambavyo msafiri hakupatwa na lolote. Alifika, akala, akalala, akarudi. Hivyo tulivitia chini ya mguu wa meza ili isitikisike, na kwa kazi hiyo vilikuwa vizuri.

Sina hakika kama Mzee Kaggwa alikuwa sahihi kwa kila mteja. Kwa wengi alikuwa. Kulikuwa na mwenye duka la sabuni Kikuubo ambaye alinunua walioibiwa peke yao.

"Huyu walimwibia nini, Mama Zena?"

"Mkoba na viatu."

"Wapi?"

"Uhindi, kwenye treni."

"Viatu vyote viwili?"

"Vyote."

Akakichukua bila kupatana bei. Aliniambia kwamba kitandani huwa anawaza wezi wa Kikuubo mpaka kichwa kinauma, ila akisoma habari za wezi wa mbali moyo unatulia. Waliooa walinunuliwa na wasichana wa saluni moja ya Kansanga. Walikuwa wakikipasua kitabu vipande ili wasome wote kwa wakati mmoja, kisha wanagombana, kwa sababu mwenye kipande cha mwisho hakuweza kunyamaza.

Ambao hawakununua kabisa ni waliorudi kutoka kyeyo. Kyeyo ni ufagio, lakini nyinyi mnajua hapa tunaita hivyo kazi yoyote ya ng'ambo. Mtu wa kyeyo anasimama mezani, anafungua kitabu, anacheka kwa pua. "Dubai haiko hivi." Namwuliza iko vipi. Anasema, "Joto." Anakirudisha anakwenda zake. Sikuwalaumu. Labda kweli aliyoyaona ni hayo. Lakini nyinyi mnaouza, msimngoje huyo. Anayenunua safari ni yule ambaye hana pasipoti na hana mpango wa kuiomba.

Sasa mambo ya mikono, maana naona mnapiga picha jalada tu.

Kitabu cha safari kikikufikia, tafuta ramani yake. Hukaa mwanzoni au mwishoni, na mara nyingi mwenye kitabu wa kwanza ameichana kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Bila ramani, punguza bei na useme sababu. Halafu tazama uchafu wa kurasa. Alama za vidole zikikoma katikati, msomaji alishindwa hapo, na wako pia atashindwa hapo, kwa hiyo usimsifie mwisho. Ukiona madoa ya mafuta kwenye ukurasa mmoja tu, fungua, utakuta habari za chakula. Kurasa zinazong'oka zibandike kwa uji mzito wa muhogo, utie na pilipili ya unga kidogo. Mimi mwanzoni sikutia pilipili, na mende wa Nateete walisoma kitabu kizima cha Misri kabla sijakiuza. Kilicholoa usikianike juani, kitajikunja kama kaukau za viazi. Weka karatasi za gazeti kati ya kurasa, ulaze jiwe juu, na kavera, mfuko wa plastiki, iwe karibu siku zote. Mvua ya hapa haibishi hodi.

Vitabu vyenyewe karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Watu wa sokoni waliovitamani hawakukisoma hicho Kiingereza, na Wakongo wao walikuwa wamesoma Kifaransa. Basi nikaanza kuwasomea kwa mdomo wakati wa mchana biashara inapolala. Macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Nilijiwekea sharti: nisilolijua nasema silijui, na lililoandikwa siliruki.

Sharti hilo halikunizuia kukosea. Msafiri mmoja aliingia kanisa kubwa la kale huko Ulaya, na kitabu kikatumia neno lile lile la Kiingereza unalotumia ukisogeza kiti. Nikasoma: "Akaingia kanisani, na kanisa likamsogeza."

Nalongo akaacha kupepeta mukene. "Likamsogeza wapi?"

"Hakusema."

"Kwa nguvu?"

Nikaangalia. "Imeandikwa, kwa nguvu sana."

"Banange! Mimi kanisa ya namna hiyo siingii."

Baada ya siku kadhaa mwalimu mmoja aliyekuja kutafuta kamusi akanieleza kwamba neno hilo lina maana ya pili, kuguswa moyo. Nikawakusanya tena nikatangaza sahihisho. Hakuna aliyelipenda. Nalongo alisema kanisa la kwanza lilikuwa bora.

Katika wasikilizaji wangu alikuwako mama yake Bahati. Wakongo humwita bibi koko, na sisi sote tukamwita Koko. Alikaa kwenye kiti kidogo karibu na cherehani, wembe mkononi, akifumua mishono iliyokosewa na mwanawe. Kila nikianza kitabu kipya aliniuliza swali moja.

"Huyu alikufa?"

"Hapana, Koko. Ndiye aliyeandika."

"Ah." Kisha akaendelea kufumua.

Familia ya Bahati iliishi chumba kimoja bondeni, yeye na mkewe Mama Neema na watoto na Koko. Mvua kubwa ikinyesha maji yalifika godoro. Walikuwa wakimbizi, na walikuwa wameomba kuhamishiwa nchi nyingine siku nyingi sana, mpaka wakaacha kulizungumzia. Kisha simu ikaja: jina limepita, wanakwenda Kanada, waje kwenye mahojiano familia nzima. Nateete nzima ikawapa mkono. Koko akasema yeye haendi. Bahati akasema hamwachi mama yake. Na faili lilikuwa la watu wote pamoja, asiyekwenda mmoja, haendi mtu.

Mama Neema alinijia wakati Koko yuko kanisani.

"Mama Zena, uko na kitabu ya Kanada?"

"Kipo kimoja."

"Kizuri?"

"Msafiri aliganda vidole vya mguu."

Akajishika kichwa. "Sasa unisikie vizuri. Utamusomea Koko. Anakuamini weye. Lakini palipo pabaya, uruke."

"Siwezi kuruka, Mama Neema."

"Kwa nini? Nani atajua?"

"Mimi."

"Weye! Weye utakuwa hapa na meza yako. Ni watoto yangu ndio banalala mu maji."

Alichosema kilikuwa kweli. Nilimwahidi kwamba nitasoma, na kwamba nitachagua pa kuanzia. Nilijiambia kuchagua pa kuanzia si kuruka. Sina hakika.

Nikaanza na misitu. Nikafuata na treni yenye viti vya mito, na supu ya moto ambayo mwanamke asiyemjua msafiri alimletea bure. Koko alisikiliza, wembe ukaenda taratibu. Mama Neema alisimama nyuma yangu akijifanya anachagua vifungo. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka Koko akainua kichwa.

"Na mutu akikufa kule, banamuzika namna gani?"

Vijana wangu, hilo ndilo lililokuwa swali lake tangu mwanzo. Koko hakuwa na hofu ya kuishi Kanada. Alikuwa amepiga hesabu ya umri wake akaona kwamba jambo atakalolifanya kule kwa uhakika ni kufa. Kwao mtu akifa anazikwa upesi na watu wanaomjua, na hapewi nafasi ya kusubiri.

Na ukurasa huo ulikuwako. Nilikuwa nimeusoma peke yangu nyumbani. Ningeweza kusema kitabu hakikutaja. Nikahisi macho ya Mama Neema kwenye kisogo changu. Nikafungua nikasoma.

Treni ilikwama katika mji mdogo kwa ajili ya theluji. Mzee mmoja wa mji huo alikuwa amefariki, lakini ardhi ilikuwa imeganda, jembe linaruka kama limepiga chuma. Wakamweka katika kibanda nyuma ya kanisa, mpaka barafu itakapoyeyuka ndipo azikwe.

Wembe ukasimama. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Banamungojesha?"

"Wanamngojesha."

"Mu kibanda?"

"Cha mbao."

"Peke yake?"

Nikatazama ukurasa, nisije nikamwonea mwandishi. "Hapana, Koko. Wamo na wengine."

"Ndugu zake?"

"Imeandikwa wengine tu."

Koko akakunja suruali iliyokuwa mapajani pake. "Mi siendi. Baniweke mu kibanda kama gunia ya makaa, na watu siwajue? Siendi."

Alipoondoka, Mama Neema alinizunguka akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Umetumaliza, Mama Zena. Si ungekohoa? Ungepatwa na kikohozi tu pale! Hata kikohozi!"

Siku zilizofuata Bahati alikanyaga cherehani bila kugeuza uso upande wangu. Nalongo, ambaye kwa kawaida huwa upande wangu, aliniambia Mama Neema ana haki. Nikamwambia nadhani hivyo pia. Nikamwambia pia kwamba nadhani mimi sikukosea. Nalongo akasema mtu hawezi kukaa viti viwili. Nilikuwa nimekaa viwili, na vyote vilikuwa vigumu. Tarehe ya mahojiano ilikuwa inakaribia.

Kisha Koko akaja mezani mwenyewe. Akavitazama vitabu kama anayechagua nyanya.

"Mama Zena, iko kitabu ya kwetu? Ya ku Bukavu, ku ziwa?"

Nikatafuta. Kilikuwako, katika walioumwa, maana msafiri alipata malaria. Nilipoangalia jina la mwandishi nikaona ni yule yule wa Kanada. Alipita huku kwetu alipokuwa kijana, na Kanada alikwenda miaka mingi baadaye, nywele zimekwisha. Nikamwambia Koko wazi: huyu ndiye wa kibanda.

"Soma," akasema. "Nisikie alituonaje."

Nikasoma. Bahati alikuwepo, kwa kuwa cherehani yake iko pale pale, lakini alijifanya hasikii. Mama Neema alikuwa amemletea mumewe chakula, akabaki ameshika sahani.

Msafiri alianzia hapa Kampala. Alimwajiri mpishi wa hapa, na njiani mpishi akamfundisha Kiswahili, naye anamshukuru sana kitabuni, kurasa mbili nzima. Wakafika vilima vya juu ya ziwa. Koko akawa anatikisa kichwa kukubali: ndiyo, migomba inashuka hivyo, ndiyo, visiwa vinaonekana asubuhi. Halafu msafiri akashuka garini mbele ya nyumba ya mzee mmoja, na hapo, kwa kuwa alijivunia Kiswahili chake, akaliandika swali lake kitabuni kwa Kiswahili. Nikalisoma lilivyokuwa:

"Hapa ni mahari gani?"

Nyinyi wa Kampala mmekwisha kuelewa. Hapa kwetu l na r hukaa chumba kimoja, na ukibisha hodi huwezi kujua atakayetoka. Mpishi alikusudia kumfundisha mgeni kuuliza mahali. Mgeni akaibeba mahari kama alivyopewa, akavuka nayo mpaka. Sasa mzee wa watu ameketi mlangoni kwake ana binti ndani, anamwona mwanamume mgeni anateremka kwenye gari, hajamaliza hata salamu, anauliza mahari.

Kitabu kikaendelea: "Mzee akanitazama kutoka kofia mpaka viatu. Akafikiri. Akajibu, Ng'ombe sita. Basi usiku huo tukalala Ng'ombesita, na sijapata kuona kijiji kikarimu kama hicho."

"Rudia," akasema Koko.

Nikarudia. Cherehani ikanyamaza.

"Jioni," nikasoma, "mzee alimleta binti yake amevaa kitenge kipya, akanimiminia maziwa. Wanawake wakaimba. Nikafahamu kwamba ndivyo watu wa Ng'ombesita wanavyompokea kila mgeni."

Mabega ya Koko yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, nikasita.

"Usisimame! Soma!"

"Asubuhi niliondoka mapema. Mzee alisimama njiani akanitazama kwa huzuni ambayo sitaisahau."

"Huzuni!" Koko alipiga goti lake kwa kiganja. "Eh, Yesu wangu, huzuni! Amekunywa maziwa ya posa, bantu bameimba, asubuhi amekimbia! Na anaandika huzuni!"

Bahati alikuwa amelaza paji la uso juu ya cherehani. "Mama," akasema akipumua kwa shida, "Ng'ombesita ni wapi?"

"Haiko! Haikuwako! Kilima yetu ndiyo ilitoa ng'ombe sita. Ng'ambo ya mto banatoa nane, bale banajisikia."

Nikafungua ramani mwisho wa kitabu. Nashukuru haikuwa imechanwa. Palikuwa na kitone, na pembeni, kwa herufi nzuri ndogo, Ngombesita. Nikamshika Koko kidole nikakiweka hapo. Akainama akakitazama kitone kile kwa muda.

"Ameweka mahari ku ramani," akasema.

Nalongo alitaka aelezwe tangu mwanzo, na tulipomweleza alicheka mpaka mteja wake akapima mukene mwenyewe. Baada ya kicheko Koko alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Na huyu ndiye alituambia mambo ya kibanda."

"Ndiye."

"Alipoenda kule Kanada, alikuwa amejifunza kuuliza?"

"Sijui, Koko. Haikuandikwa."

Akafikiri. Kisha akasema, si kwangu bali kwa mwanawe, "Basi mi nitaenda kuuliza miye mwenyewe."

Sahani ya Mama Neema ilianza kuinama, mchuzi ukadondoka, hakuona.

Sasa, haki ni haki. Nikasema, "Lakini Koko, mtu kukosea jina la kijiji si lazima awe amekosea na habari ya maka—"

Mama Neema akakohoa. Alikohoa kikohozi kirefu chenye mawimbi, akanitazama machoni huku anakohoa.

"Najua," akasema Koko. "Anaweza kuwa alikosea, anaweza kuwa hapana. Ndiyo maana nasema nitauliza. Na miye nitasalimia kwanza."

Wakaenda mahojiano, wakapita, na baada ya muda wakaondoka. Koko hakuchukua kitabu chochote. Nilimpa kile cha Ng'ombesita akakirudisha, akasema kitamzidishia mzigo, na kwamba kilichomo amekwisha kukibeba. Cherehani aliinunua kijana wa Masaka, fundi mzuri ila haongei. Nalongo na mimi tulikaa siku nyingi bila kusoma kitu.

Mnaniuliza kama vitabu hivi vina kazi tena, siku hizi ambapo mtu wa Nateete anaweza kuitazama Kanada nzima kwenye simu akingoja teksi. Nimezitazama hizo video. Ni nzuri, unasikia mpaka upepo, na kitabu hakina upepo. Nisiseme uongo. Lakini video inakuonyesha kila kitu isipokuwa mtu anayeishika simu, na kitabu hata kikikosea namna gani hakiwezi kumficha aliyekiandika. Unaona alivyouliza, unaona alivyojibiwa, ukiwa mjanja unaona na ambacho yeye mwenyewe hakukiona. Hayo nayasema mimi, na naweza kuwa nimekosea. Mzee Kaggwa angesema ni matatizo tu.

Kuhusu kuruka ukurasa, nimelifikiria mara nyingi tangu nilipostaafu na magoti yangu haya. Ningeruka, labda Koko angekwenda bila shida, na Mama Neema asingekonda zile siku. Au angefika kule akakikuta kibanda bila kuambiwa, akatuona sote waongo. Siwezi kuwapa sheria. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba anayesomewa akikuuliza swali, swali hilo ndilo alilokuja nalo sokoni, na hayo mengine yote, misitu na supu, alikuwa anakuvumilia tu.

Ujumbe wa Koko ulikuja baada ya muda mrefu, wakati kule Kanada ni baridi. Neema, mjukuu wake, ndiye aliyemshikia simu, unasikia anamwambia, "Koko, ongea karibu." Nilikuwa bado nauza. Nikauweka kwa sauti kubwa mezani, Nalongo akaja na ungo wake, hata yule kijana wa Masaka akasimamisha cherehani.

"Mama Zena, miye Koko. Tumefika salama. Nimekawia, ni kwa sababu mambo ya kuuliza yalikuwa mengi. Nimesalimia kwanza, bamenikaribisha chai, halafu nikauliza. Sasa usikie. Yule muzungu wako, mambo ya hapa hakudanganya. Udongo unaganda kama simiti. Mutu akikufa mu baridi, banamungojesha, ni kweli kabisa. Nimesema banipeleke nione. Kibanda siku hizi ni ya matofali, iko na mulango muzuri, na ufunguo iko na mama mumoja, anaimba ku kanisa pamoja nami. Ni safi. Nimemwambia asante, lakini miye nitangoja kiangazi."

Ukaisha. Nalongo akaomba urudiwe, nikaurudia.

"Atangoja kiangazi ndipo afe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Cha mwaka gani?"

"Hakusema."